Kutunza Mikanda ya Viwanda vya Chai vya Meru na Embu

Mkulima wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya akisha kupimiwa majani yake ya chai bandani na kupewa risiti, huchukua kikapu chake kitupu akarudi nyumbani, naye hudhani kwamba kazi ya siku ile imekwisha. Kwa upande wake ni kweli. Lakini yale majani yangali na safari ndefu mbele yao, na sehemu kubwa ya safari hiyo hayachukuliwi na mkono wa mtu, bali na mikanda inayozunguka usiku na mchana. Mikanda hiyo ikitunzwa vema, chai hufika mnadani Mombasa ikiwa na thamani yake yote. Ikiachwa ovyo, jasho la mkulima humwagika njiani, wala yeye mwenyewe hajui limemwagikia wapi.

Watu wa Meru na Embu si wageni wa kilimo cha biashara. Katika miaka ya 1930 wilaya hizi mbili, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa za kwanza ambamo wakulima Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa. Chai ya wakulima wadogo ilifuata baadaye. Mwaka 1960 palianzishwa shirika la kuiendeleza, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA, ambalo mwaka 2000 liligeuzwa kuwa kampuni. Leo Embu ina viwanda vya Mungania, Rukuriri na Kathangariri. Na Meru ina Githongo, Imenti, Kinoro, Kionyo, Igembe na Michimikuru. Wenye hisa katika viwanda vya namna hii ni wakulima wenyewe. Kwa hiyo mkanda ukikatika kiwandani, aliyepata hasara si mtu wa mbali. Ni yule yule aliyeamka alfajiri kwenda kuchuma.

SAFARI YA JANI

Majani yakifika kiwandani hutandazwa ili yanyauke kwa muda wa saa nyingi, huku hewa ikipulizwa kutoka chini. Kisha huingizwa katika mashini za kusaga, zenye rola za chuma zilizochongwa meno makali. Namna hii ya kusaga ilibuniwa huko Assam, nchini India, mnamo mwaka 1930, nayo ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa ya chai ya Kenya. Mashini hizo hupangwa kwa mstari, na kati ya moja na nyingine kuna mkanda unaopokea majani yaliyosagwa na kuyapeleka mbele.

Kutoka hapo chai huingia juu ya mkanda mpana uendao polepole sana. Hapa ndipo inapochachuka, kama wasemavyo mafundi, ingawa kwa hakika ni hewa inayoyageuza yale majani kutoka rangi ya kijani hadi rangi ya shaba. Baadaye hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka ubaki unyevu wa kama sehemu 3 tu katika 100, kisha huchekechwa na kutiwa mifukoni. Kwa kadiri, kilo 4 na nusu za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu.

Sasa na tutazame maana ya mkanda kusimama. Tuseme msimamizi amepima kwamba chai ya siku ile yataka dakika 90 za kuchachuka. Mkanda ukisimama dakika 40 kwa sababu ya rola moja iliyokwama, chai iliyo juu yake itakuwa imekaa dakika 130. Rangi yake hufifia, na ule ukali mzuri unaotafutwa na wanunuzi hupotea. Ikiwa juu ya mkanda na nyuma yake kulikuwa na majani ya kilo 9,000, basi ni chai kavu ya kilo 2,000 iliyoshuka daraja. Huko mnadani waonjaji hawaulizi sababu. Huonja, hutema, na kuandika bei. Hasara ile huonekana baadaye katika malipo ya mwisho wa mwaka, ambayo wakulima wengi huyaita bonasi.

VIUNGO VYA MKANDA NA MARADHI YAKE

Mkanda wa kiwandani ni kitu chepesi kufahamika. Kuna ngoma mbili, moja mbele na moja nyuma. Ngoma moja huzungushwa na mota kwa njia ya gia au mnyororo. Kati ya ngoma hizo mbili kuna rola nyingi ndogo zinazoubeba mkanda, nazo huzunguka juu ya beringi. Kuna kikwaruo kinachoondoa uchafu ulionata, na skrubu za kuukaza mkanda. Hakuna zaidi. Walakini viungo hivi vichache vina maradhi yake, na kila moja lina dalili kabla halijawa kubwa.

Ugonjwa wa kwanza ni uchafu. Majani yaliyosagwa yana maji yanatayo kama ulimbo. Yakiachwa juu ya mkanda na rola, huchacha na kuota vijidudu, na chai ya kesho hupata harufu mbaya. Tena uchafu ukigandamana upande mmoja wa rola, rola hiyo huwa nene upande ule, na mkanda huanza kukimbilia kando. Kwa hiyo kuosha mikanda kila mwisho wa kazi si usafi wa kupendeza macho tu, bali ndiyo dawa ya kwanza ya mtambo. Katika chumba cha kuchekechea, adui ni vumbi na nyuzinyuzi za chai. Zikiufunika mwili wa mota, mota hushindwa kutoa joto lake. Nazo hushika moto upesi.

Ugonjwa wa pili ni mkanda kwenda kombo. Mafundi wana kanuni moja ya kukumbuka: mkanda hukimbilia upande ule wa rola unaougusa kwanza. Fundi mwenye haraka huzungusha skrubu sana, kisha akazungusha tena, na mkanda ukaruka upande wa pili. Fundi mwenye busara hutazama kwanza kama rola ni safi na kama zimekaa sawasawa. Ndipo anapozungusha skrubu kidogo tu, akauacha mkanda uzunguke mara kadhaa, akatazama tena.

Ugonjwa wa tatu ni mkazo usio wa kadiri. Mkanda uliolegea huteleza juu ya ngoma, ukapata joto na kuliwa kwa ndani. Mkanda uliokazwa mno huvunja beringi na kufungua maungio yake. Kukaza kunakotosha ni kule kunakouzuia kuteleza wakati umebeba mzigo wake wote, wala si zaidi.

Ugonjwa wa nne ni wa beringi. Beringi inayokaribia kufa hulia kabla ya kufa. Hutoa mlio wa kukwaruza, kisha hupata joto. Msimamizi apitaye kando ya mstari kila zamu, huku masikio yake yakiwa wazi, atasikia. Lakini wapo wanaodhani kwamba grisi nyingi ni uangalifu mwingi. Sivyo. Grisi ikizidi hupasua vizibo vya beringi, na ikadondoka juu ya chai ambayo watu watainywa. Itumike kwa kipimo kilichoandikwa na waliotengeneza mashini, nayo iwe ya aina iliyoruhusiwa kwa viwanda vya chakula.

Maungio ya mkanda nayo yakaguliwe kila siku. Kipande cha chuma kikilegea na kuangukia chai, kinaweza kuvunja meno ya mashini au kufika katika kikombe cha mnywaji. Ndiyo sababu sumaku huwekwa njiani ili kunasa chuma. Sumaku isiyosafishwa haina kazi.

MKONO WA MTU HAUNA KIPURI

Yako mambo ya hasara, na yako mambo ya msiba. Mahali mkanda unapokutana na ngoma panaweza kumeza mkono kabla mtu hajapiga kelele. Shati lisilofungwa vifungo, kitambaa kilichoning'inia, au nywele zisizofunikwa, hutosha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yadai kwamba sehemu za hatari za mashini zizungushiwe kinga. Kinga ikiondolewa kwa ajili ya matengenezo, irudishwe kabla mota haijawashwa.

Mtu yeyote asisafishe wala kufungua mkanda unaozunguka, hata kama ni jani moja lililokwama. Kwanza mtambo usimamishwe, swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na kibao kitundikwe. Kila fundi awe na kufuli yake na ufunguo wake mfukoni mwake mwenyewe. Kama mafundi ni watatu, kufuli ziwe tatu. Kwa njia hii hakuna mtu wa zamu nyingine awezaye kuwasha mashini huku mwenzake yuko ndani. Kamba ya dharura nayo ijaribiwe mara kwa mara, maana kamba isiyojaribiwa ni sawa na pambo.

DAFTARI NA SPANA

Wengi hudhani utunzaji wa mitambo ni kazi ya spana peke yake. Lakini kalamu nayo ni chombo cha fundi. Daftari lililoandikwa vema husema rola ipi ilibadilishwa, siku gani, na kwa sababu gani. Rola ya mahali pale pale ikifa mara tatu katika miezi michache, daftari litaonyesha kwamba kosa si la rola. Labda fremu imepinda, au maji ya kuoshea yanaingia ndani yake. Pasipo daftari, kila zamu huanza upya kama watoto wa darasa la kwanza, na ghala hukutwa halina kipuri siku kinapohitajiwa.

Daftari husaidia pia kuchagua wakati. Majani huwa mengi katika miezi ya mvua, na hupungua wakati wa kiangazi na wakati wa baridi ya katikati ya mwaka. Matengenezo makubwa yafanywe katika majira hayo ya upungufu. Kiwanda kinachongoja mpaka mkanda ukatike, kitakatikiwa wakati magari yamepanga mstari langoni.

SEHEMU YA MKULIMA

Haidhuru, mkulima atasema, hayo ni mambo ya mafundi. La. Jiwe dogo, kijiti, kipande cha waya au uzi wa gunia ulioanguka ndani ya kikapu hupita pamoja na majani mpaka juu ya mkanda. Waya huchana mkanda. Jiwe huvunja meno ya rola. Uzi hujifunga katika beringi. Mchumaji achumaye majani mawili na chipukizi, kisha akayakagua kabla ya kuyamwaga mezani bandani, amekwisha fanya kazi ya utunzaji wa mtambo ambao labda hajauona kwa macho.

Wazee walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika kiwanda cha chai ufa huanza na mlio mdogo wa beringi, au ukingo wa mkanda ulioanza kuchanika. Dakika 10 za kuutengeneza leo ni bora kuliko usiku mzima wa kusimama kesho, huku majani yakiwaka joto ndani ya magunia. Na wenye majani hayo wako vijijini, wamelala, wakiwa na imani kwamba mtu fulani anasikiliza.