Mmenyuko wa uhamisho
Mmenyuko wa uhamisho ni aina ya mmenyuko wa nyuklia ambamo viini viwili vya atomu hukaribiana, na protoni au nyutroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Katika mtawanyiko wa kawaida viini hubadili mwelekeo tu, bila kupokezana chembe.

Mfano mashuhuri ni wa deuteroni, yaani kiini chenye protoni moja na nyutroni moja. Inapogusa kiini kikubwa, nyutroni yaweza kunaswa humo na protoni ikaendelea na safari.

Ndani ya kiini hakuonekani kwa hadubini. Lakini mwaka 1951 Stuart Butler, mwanafizikia wa Australia, alionyesha kwamba pembe zinakotokea protoni hufichua mwendo wa mzunguko wa nyutroni iliyonaswa. Hivyo majaribio yaliweza kupima nadharia ya matabaka ya kiini iliyotolewa mwaka 1949 na Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen.