Fahamu: Solomy Bossa, jaji wa rufaa katika kesi ya Ntaganda

Machi 30, 2021, majaji 5 wa rufaa wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mjini The Hague walithibitisha hatia ya Bosco Ntaganda, kiongozi wa zamani wa waasi wa Kongo aliyewahi kuwa na ngome Masisi, Kivu Kaskazini, na kifungo chake cha miaka 30. Mmoja wao alikuwa Solomy Balungi Bossa wa Uganda.

Alifikaje hapo?
1997: Mahakama Kuu, Uganda.
2003: Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Arusha.
2013: Mahakama ya Rufaa, Uganda.
2018: ICC, muhula wa miaka 9.

Jaji wa rufaa hufanya nini?
Hukagua makosa ya sheria, ushahidi na utaratibu katika hukumu ya awali.

Itebero inahusikaje?
Kesi hiyo ilihusu uhalifu uliofanyika Ituri, mashariki mwa Kongo, 2002 na 2003 pekee, si Masisi wala Walikale, iliko Itebero. Lakini wahanga wa huko nao wanastahili haki.