Mshale Wasema Nusu, Tanki Tupu

Jioni moja tulikuwa tunatoka Kasanda kwenda Kibondo kwa Land Cruiser kuukuu ya dizeli, nyuma tumemlaza mgonjwa. Gari likakohoa, likazima. Geji ya mafuta ilionyesha nusu tanki, hivyo dereva akafungua boneti na kuhangaika na injini karibu saa nzima, mpaka utingo alipopiga tanki kwa kiganja. Likalia kama debe.

Geji iliyokufa kabisa ina nafuu, maana hakuna anayeiamini. Ya hatari ni hii inayodanganya.

Ndani ya tanki mna boya linaloelea juu ya mafuta, mfano wa lile la tanki la maji la chooni. Likipanda au kushuka, hubadili kiasi cha umeme unaopita kwenye geji, na mshale hufuata. Boya likikwama, mshale nao hukwama.

Mafundi wengi hukimbilia kubadili geji. Usikubali upesi. Kama geji ya joto nayo imelala, tazama fyuzi kwanza. Kama ni ya mafuta peke yake, chomoa waya wa boya pale kwenye tanki, kisha washa swichi bila kupiga mota. Katika Toyota nyingi za zamani mshale utashuka hadi sifuri. Sasa unganisha waya ule na bodi ya gari kwa kupitia balbu ndogo ya volti 12, ili geji isiungue. Mshale utapanda polepole. Upe dakika moja. Magari mengine huenda kinyume. Cha kutazama ni kama unasogea. Ukisogea, geji na waya wake ni vizima, ubovu uko kwenye boya, au kwenye waya unaofunga tanki na bodi, ambao matope yetu huula. Usiposogea, ufuate waya mpaka kwenye dashibodi.

Kwa gari la petroli, cheche ziwe mbali na tanki, na sigara pia. Magari mapya yenye geji ya kompyuta usiyajaribu hivyo.

Siku ile lori lilitugawia dumu moja. Lakini dizeli ikiisha, injini huvuta upepo, nao lazima utolewe kwanza. Tulifika Kibondo saa sita usiku, mgonjwa akiwa hai. Siku hizi dereva yule huandika kilomita kila anapojaza mafuta.