Kitisho Kisichotulizwa kwa Kafara

Gemu za kutisha za kunusurika ni michezo ya kompyuta ambayo lengo lake kuu ni kubaki hai. Risasi ni haba, vyumba vina giza, na mara nyingi kukimbia kuna faida kuliko kupigana. Baadhi yake huchota visa katika hadithi za Mmarekani H. P. Lovecraft (1890–1937), aliyeandika juu ya viumbe wa kale kutoka nje ya dunia, wakubwa kupita akili ya binadamu.

Hofu hiyo ni tofauti na ile iliyozoeleka Kitui na Makueni, nchini Kenya. Katika imani ya jadi ya Wakamba, aimu ni roho za waliokufa. Huzijua koo zao, hukasirika zikisahauliwa, na hutulizwa kwa sadaka penye ithembo, mahali patakatifu pa ibada. Viumbe wa Lovecraft hawana ukoo na mtu. Binadamu kwao hana uzito wowote, na anayeutambua ukweli huo hurukwa na akili.

Kwa upande wa gemu, Alone in the Dark, iliyotolewa na Infogrames ya Ufaransa mwaka 1992, ilimfungia mchezaji ndani ya jumba la Derceto, Louisiana. Resident Evil ya Capcom ya Japani ilifuata mpangilio kama huo mwaka 1996 na kueneza aina hii ya gemu duniani. Eternal Darkness (2002) ilileta kipimo cha utimamu wa akili: kikishuka, gemu humhadaa mchezaji mwenyewe, hata kujifanya inafuta hatua alizohifadhi. Katika Amnesia: The Dark Descent (2010), ya Frictional Games ya Uswidi, hakuna silaha kabisa. Mhusika hujificha gizani, lakini giza lenyewe humvuruga akili, na kumtazama zimwi humvuruga zaidi. Hivyo mafuta ya taa hutumiwa kwa uchoyo.

Kiswahili nacho kimo katika gemu hizi. Resident Evil 5 (2009), ingawa chanzo cha kitisho chake ni vimelea na virusi, inatokea katika eneo la kubuni la Afrika liitwalo Kijuju, na maadui wake huitwa Majini. Ilikosolewa kwa jinsi ilivyowaonyesha Waafrika.

Nyingi ya gemu hizi zimewekewa alama ya watu wazima. Mzazi, na mwenye kibanda cha pleisteshoni, aisome kabla ya kumkabidhi mtoto pedi.