Kupitisha agumenti kwenye funksheni: nafasi ina maana

Umepanda basi dogo stendi ya Bweri, Musoma, kwenda Bunda. Unampa konda noti ya 10,000: "Kata watatu hapo." Tuseme nauli ni 2,000 kwa mtu. Ili akurudishie chenji, konda anahitaji mambo matatu: fedha uliyotoa, nauli na idadi ya watu. Katika Python:

def chenji(fedha, nauli, watu):
    return fedha - nauli * watu

print(chenji(10000, 2000, 3))

Jibu ni 4000. Majina yaliyo kwenye mabano ya def huitwa parameta. Thamani 10000, 2000 na 3 unazopitisha unapoiita funksheni ndizo agumenti. Usichanganye maneno haya mawili kwenye mtihani.

Python haijui nauli ni kitu gani. Inaangalia nafasi tu: agumenti ya kwanza huingia kwenye parameta ya kwanza, ya pili kwenye ya pili. Ukiandika chenji(2000, 10000, 3) utapata -28000, bila ujumbe wowote wa kosa. Sasa konda ndiye anayekudai!

Hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni chenji(10000, 3, 2000). Nauli na watu zimebadilishana nafasi, lakini jibu bado ni 4000, kwa sababu 3 mara 2000 ni sawa na 2000 mara 3. Siku utakapoongeza 500 ya mzigo kwa kila mtu, yaani - 500 * watu, programu itahesabu abiria 2,000 na kukupa -996000. Kwa hiyo jibu moja sahihi lisikutoshe, kagua nafasi.

Njia salama ni kutaja majina. Hapo mpangilio haukusumbui tena:

chenji(watu=3, fedha=10000, nauli=2000)

Na abiria wa peke yake anayekwenda Butiama? Mpe parameta ya mwisho thamani ya awali:

def chenji(fedha, nauli, watu=1):
    return fedha - nauli * watu

Sasa chenji(5000, 3000) inatoa 2000. Parameta yenye thamani ya awali haitangulii isiyo nayo.

Swali. Kwa funksheni hii ya mwisho, eleza kitakachotokea:
(a) chenji(5000)
(b) chenji(nauli=1500, fedha=5000)
(c) chenji(fedha=5000, 1500)

Majibu. (a) TypeError, nauli haikupitishwa. (b) 3500. (c) SyntaxError, agumenti isiyo na jina imeandikwa baada ya yenye jina.