Dawa ya MS: Piga Hesabu ya Mwaka, Si ya Chupa

Aliyeambiwa ana maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi, huuliza kwanza chupa moja ni pesa ngapi. Ukikaa mtaa wa mabanda kama Mashimoni, Nairobi, swali hilo litakupotosha. Uliza mwaka mzima utakula ngapi.

Katika MS kinga ya mwili hushambulia ala inayofunika neva za ubongo na uti wa mgongo: ganzi, jicho kufifia, miguu kukataa. Ugonjwa ukilipuka, hospitali hutundika dripu ya methilipredinisoloni kwa siku 3 hadi 5. Wengi huishia hapo, maana mtu huinuka akatembea. Lakini dripu hiyo hufupisha shambulio lililopo tu, lijalo hailizuii.

Za kuzuia zipo, ingawa ya kuponya kabisa bado. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Glatirameri ni sindano ya kujidunga nyumbani, kila siku au mara 3 kwa wiki. Hutaka friji, nje ya friji hudumu mwezi mmoja, mradi joto lisipite nyuzi 30. Sasa fikiria chumba cha mabati saa nane mchana. Kladribini ni vidonge vya siku zisizozidi 20 katika miaka 2, ila gharama huja kwa mkupuo, na haimfai mjamzito wala anayetaka kushika mimba karibuni.

Mimi ningechagua ya tatu, rituksimabu. Ilianza kama dawa ya saratani ya limfoma, na leo makampuni kadhaa huitengeneza, kwa hiyo bei hushindana. Dripu yake kwa kawaida ni kila miezi 6: safari mbili za Hospitali ya Kenyatta kwa mwaka. Ndugu yake okrelizumabu, inayolenga seli zilezile, iliingia sokoni Marekani mwaka 2017 kwa dola 65,000 kwa mwaka. Jumlisha pia picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vya homa ya ini B na kifua kikuu kabla ya dripu ya kwanza.

Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ulipe kabla ya kupanga MRI. Kisha peleka barua ya daktari kwenye dawati la SHA hospitalini, uulize dawa, dripu na kipimo kila kimoja kivyake: bima inalipa ngapi, na wewe unaongeza ngapi.