Anza na Buluu: Kuisoma Nchi ya Ng'ombe ya Oregon

Ukiikunjua ramani ya topografia ya kusini-mashariki mwa Oregon, Marekani, tafuta kwanza buluu, rangi ya maji. Milima ya Cascade huzuia mvua za Pasifiki zisifike huku, na ng'ombe hulishwa kwenye nyika kavu iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari.

Wengi wetu tulifundishwa sekondari kwa ramani za 1:50,000. Hizi ni za 1:24,000, kwa hiyo hata kichemchemi kimoja hupata alama yake. Mto uliochorwa kwa mstari usiokatika hutiririka mwaka mzima. Uliochorwa kwa vipande na nukta ni wa msimu, na mfugaji anayeutegemea mwezi wa Agosti anajitafutia hasara.

Kisha njoo kwenye kontua. Magharibi mwa Mlima Steens mistari imeachana. Mteremko ni wa taratibu, na mifugo ya zamani iliupanda ikifuata majani mabichi kadiri theluji ilivyoyeyuka. Mashariki mistari imebanana hadi inakaribia kuwa doa la kahawia: mlima unaporomoka zaidi ya mita 1,600 mpaka Jangwa la Alvord. Huko hapandi ng'ombe.

Juu ya yote hayo kuna miraba ya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila mmoja, kwa utaratibu wa upimaji uliotungwa mwaka 1785. Haijali kilima wala chemchemi. Mwaka 1878 mwanajiolojia John Wesley Powell alishauri kwamba nchi kavu igawanywe kwa kufuata maji, na shamba la malisho liwe ekari 2,560. Alikuwa sahihi, lakini Bunge halikumsikia: sheria ya 1909 ilitoa ekari 320, ya 1916 ekari 640, na walowezi wengi walishindwa wakahama.

Kabla ya sheria hizo, mfugaji Peter French, aliyefika huku mwaka 1872, alikuwa ameshika bonde la mto Donner und Blitzen, na pamoja nalo malisho ya pande zote. Mlowezi mmoja alimpiga risasi akamuua mwaka 1897 katika ugomvi wa ardhi. Ukame wa miaka ya 1930 ulipolikausha Ziwa Malheur, hifadhi ya ndege, serikali ilinunua ranchi yake ya zamani mwaka 1935. Ukiufuata mto huo kwa kidole kwenye ramani, sababu unaiona: ndio unaoingia ziwani.